Kompyuta Isiyotaka Kuachwa Peke Yake

Jumatatu, 4 Machi

Siku ya kwanza ya likizo. Mpango wangu: kulala. Haukudumu. Kabla hata ya chai nikasikia kelele chumba cha pili. Kompyuta imejizima tena! Ukurasa mzima wa kijitabu cha mke wangu umekwenda na maji.

Mke wangu ni mkunga. Kijitabu ni cha kuwafundishia wakunga wapya, na mpiga chapa anakitaka Ijumaa adhuhuri. Kikichelewa, darasa litaanza na kile cha zamani, ambacho mke wangu anasema kinafaa kufungia karanga. Ametaka kumwita kaka yake, fundi simu. Nimekataa katakata! Shemeji akiingia hapa na bisibisi zake, sitapumua mwaka mzima. Nimemkumbusha mke wangu kwamba nyumba hii ina mwanamume. Amejibu kwamba mwanamume anamwona, anachotafuta ni fundi.

Jumanne, 5 Machi

Uchunguzi umeanza. Nimekivua kitambaa alichotufumia mama mkwe, kinachofunika sanduku la kompyuta juu mpaka chini. Maua pande zote, kazi ya kupendeza. Nikaweka kiganja juu ya sanduku. Moto! Homa, basi. Na homa maana yake virusi. Nikafuta kila kitu nisichokijua jina. Kumbe kimojawapo kilikuwa cha printa.

Hata hivyo nilikaa pale asubuhi nzima, mkono juu ya sanduku, mke wangu akiandika, na haikujizima hata mara moja. Ushindi! Nikarudishia kitambaa vizuri, maana sipendi kuacha vitu uchi, nikaenda kunyoa ndevu. Sijafika kidevuni nikaitwa kwa sauti isiyo ya mapenzi.

Jumatano, 6 Machi

Nimemgundua mkosaji: seremala wa jirani. Msumeno wake wa umeme ndio unaotumalizia umeme. Nikaenda kumpa vipande vyake. Akanionyesha msumeno: umekufa tangu wiki iliyopita. Akaniuliza kama naweza kuutazama, kwa kuwa amesikia mimi ni fundi. Nikasema nina shughuli nyingi. Nani amemwambia? Uso ulinikunjuka, sikatai.

Nikarudi, nikavua kitambaa, nikaweka mkono. Kompyuta shwari. Nikafunika, nikaondoka. Ikazimika. Nikarudi, nikavua, nikashika. Shwari! Sasa nimeelewa. Si virusi, si umeme. Inanihitaji mimi. Nilipomweleza mke wangu, akasema kama ni hivyo nikae.

Alhamisi, 7 Machi

Nimekaa. Kutwa. Kwa kuwa sina la kufanya, nasoma anachoandika. Sura inayohusu mtoto aliyetanguliza makalio ilinishinda. Macho yakafanya giza. Mke wangu akanipa maji yenye sukari, akaendelea kuandika kwa mkono mmoja, mwingine ukinisugua mgongo.

Miaka yote hii hurudi amechoka, nikimuuliza kazi ilikuwaje, husema salama. Sikujua kwamba ndani ya hiyo salama mna mambo yote haya! Nampenda mno mwanamke huyu. Nilitaka kumwambia papo hapo, lakini alikuwa katikati ya kondo la nyuma.

Ijumaa, 8 Machi

Balaa. Ukurasa wa mwisho, nikabanwa na haja. Nikafunika sanduku kistaarabu, nikakimbia. Nikiwa huko nikasikia mke wangu akipiga ukelele. Niliporudi, shemeji alikuwa amesimama chumbani. Ameitwa! Kwa siri!

Akakivua kitambaa cha mama yake kwa vidole viwili, akanionyesha matundu ubavuni mwa sanduku. Akasema ndipo linapopumulia, na sisi tumeliziba na blanketi la maua. Mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Nikamwambia shemeji kwamba nilikuwa nakaribia kufika hapo. Akasema anaamini. Hakuamini.

Kijitabu kimefika kwa mpiga chapa kabla ya adhuhuri. Mke wangu alinionyesha ukurasa wa kwanza. Amemshukuru mumewe, aliyekaa naye. Nimetoka kidogo nje kutazama hali ya hewa. Macho yalikuwa yananiwasha.

Jumamosi, 9 Machi

Nimeyatafakari maelezo ya shemeji na yana kasoro kubwa. Nani alikuwa anakivua kitambaa? Mimi. Kwa hiyo dawa ilikuwa nani? Nilimweleza mke wangu, akakubali haraka sana na kurudi kwenye chai yake.

Sifa zimeenea. Jirani wa ghorofa ya juu amekuja mbio: jokofu lake linanguruma na kuzimika. Nikapanda, nikalishika mgongoni. Homa ile ile! Nimemtuliza, nimemwambia halitaki kuachwa peke yake, nikashuka kuchukua kiti. Mke wangu amenipa na sweta, eti huko juu kuna baridi. Wazo zuri sana. Nitalifunika jokofu nalo.