Fungu la Bure la Dokta Laini

Mimi tapeli hanipati. Tangu nivunje ungo hajatokea hata mmoja, ukimwacha yule wa miwani, na yule wa sufuria zisizoungua, na yule aliyeniuzia jogoo akiapa kwamba ataanza kutaga kesho. Basi nikimsema Dokta Laini, najua ninachosema.

Udokta aliupata siku aliponunua koti jeupe la mtumba. Asubuhi hiyo alikuwa ameegemea ukuta wa duka la dawa, masikio wazi, akamsikia fundi cherehani mstaafu akimnong'oneza muuzaji kwamba choo kimefunga wiki nzima na tumbo limekuwa ngoma. Muuzaji alikataa kumpa dawa kali ya kuendesha. Akamwambia aende hospitali apimwe kwanza, maana utumbo wa mtu mzima ukilazimishwa unaweza kupasuka. Fundi akauliza hospitali ni bei gani, akaondoka amenuna.

Dokta akamdaka kwenye kona. "Shikamoo, mzee wangu. Hilo tumbo ni kazi ya dakika mbili."

Akamweleza habari za bomba lake, linalosukuma maji ya sabuni kwa mlango wa uani. Halina maumivu wala madhara, ndiyo maana yeye mwenyewe hujipiga kila Jumamosi. Mwisho akatupa ndoano: ukilipia mmoja, wa pili bure. Fundi alikuwa mtu wa kushonea shuka zake uzi wa wateja. Bure ipotee yeye akiwa hai? Akamwandikisha mkewe, ambaye choo chake hakikuwa na kesi na mtu.

Mke alipotoka sokoni, habari za fungu lake la bure ameshazisikia njiani, alikuta majirani wamejaa hadi chumbani, kila mmoja akingoja aone ili naye alipie. Mumewe amelala ubavu, shuka hadi kiunoni. Dokta anakoroga sabuni kwenye ndoo. Na hilo bomba, Mungu tusamehe, lilikuwa pampu ya baiskeli iliyopakwa rangi nyeupe, ncha yake ngumu kama msumari.

Mama wa watu akataka kuinyakua. Lakini alimjua mumewe: ukimwambia acha, ndiyo anang'ang'ania. Akatabasamu.

"Dokta, mwanangu, fungu la bure si ni langu?"

"Lako kabisa, mama."

"Naweza kumpa nimtakaye?"

Dokta aliwatazama majirani, akaona wateja. "Hata jirani, mama. Mimi sina roho mbaya."

"Basi nakupa wewe. Leo si Jumamosi? Anza, mume wangu aone mtu anavyolala."

Dokta akacheka, akacheka peke yake. Akasema ameshajipiga alfajiri. Mama akamjibu kwamba vizuri, njia itakuwa nyeupe. Dokta akasema anaona haya. Mama akasema amelea wana watano, hakuna asichokijua. Jirani mmoja akaiokota pampu, mwingine akamshika mkanda kwa heshima zote. Dokta akarudi nyuma hadi kabatini, mikono yote miwili nyuma, akilinda anacholinda.

"Msiniguse," akasema, na ulaini wote umemtoka. "Nina miaka hamsini na mitano, mimi. Daktari alinikataza. Alisema kitu kama hicho kinatoboa utumbo."

Kitandani, fundi wa miaka sabini na minane akaanza kupapasa akitafuta suruali yake.

"Daktari yupi, mwanangu?" mama akauliza.