Seva ya Mama Barwaqo

Jumatatu, 13 Oktoba 2025
Stima imepotea saa nne asubuhi, katikati ya salamu za wafugaji wa Sericho. Ikarudi. Seva haikurudi. Skrini nyeusi tii! Ingekuwa na UPS, ile betri ya kushikilia stima, isingezimika. UPS iko kwa Emanikor kinyozi tangu Jumamosi. Ananinyoa bure. Mama Barwaqo, mkubwa wetu hapa redioni, ameuliza seva ina nini. Nimemwambia inapumzika. Akasema sauti ya marehemu babake akiita ngamia imo humo, na bila shaka mimi, Lowoi, fundi wake, nina nakala. Nimetikisa kichwa kama anayekubali. Kutikisa kichwa si kusema uongo.

Jumanne, 14
Nimebonyeza swichi mara kumi na tisa. Nimetoa memori, nikazisugua kwa raba ya penseli, nikazirudisha. Imelia pii mara tatu. Inajibu! Kumbe nimezirudisha vibaya. Mama anataka tumwite Hezekiah, yule fundi wa sokoni anayejua kila kitu. Nimemwambia Hezekiah amesafiri Kipsing. Saa sita Hezekiah akaingia kuomba ngazi. Mama akamuuliza habari za Kipsing.

Jumatano, 15
Hezekiah ameifungua. Ndani, betri ndogo kama kifungo cha shati imekufa. Ndiyo huikumbusha seva tarehe na diski ya kuanzia. Stima ilipokatika, ikasahau yote. Akaweka mpya, akaionyesha diski yake, akaanza kuikagua. Dakika arobaini! Mama akivuta tasbihi. Mimi nikishika tochi mchana mweupe. Halafu sauti ya mzee ikajaa chumbani, inaita ngamia. Mama akaitikia kama mtoto anayeitwa na babake: "Aabo." Nikatoka nje kuangalia antena. Antena haikuwa na shida.

Niliporudi, Mama akauliza UPS iko wapi. Nikafungua mdomo. Hezekiah akaniwahi: "Mama, mimi ndiye niliyemwambia aitoe. Ilikuwa imechoka."

Mtu mwema sana. Inaudhi.

Alhamisi, 16
UPS imerudi, Emanikor akiwa amenyoa nusu ya kichwa cha mteja. Hezekiah ametengeneza nakala mbili, nami nikamletea chai na mandazi. Tumecheka. Mchana paneli za sola zikaletwa. Mama akauliza nani anajua kuzifunga. Hezekiah akasema hajasomea hiyo, atafutwe mtaalamu. Nikasikia mtu akisema, "Mama, mimi nina uzoefu wa miaka minne." Sauti ilikuwa yangu.

Karatasi ya maelezo ina picha. Waya mwekundu, waya mweusi. Zetu ni za kijani na njano.

Tofauti ndogo.