Elinipendo Alivyolipigania Tangi la Maziwa la Kilema

Enyi watu wa Kilema na Marangu, nanyi mlioshuka kuishi Shirimatunda huko mjini mkajiona mmefika, tulieni niwasimulie vita nilivyovishuhudia kwa macho yangu mawili, mimi katibu wa chama cha maziwa. Na asiyetaka kusikia aende akakamue.

Ilikuwa Alhamisi, saa saba mchana. Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, na kikompyuta kinachoongoza tangi letu la kupozea, kidogo mfano wa kipande cha sabuni, kikapoteza maktaba yake ya C, ule msingi ambao programu zote husimama juu yake. Tangi likagoma. Na saa kumi akina mama themanini wangefika na ndoo zao, na maziwa, jamani, hayamsubiri fundi.

Ndipo akainuka Elinipendo binti Eliezeri, mtaalamu wetu wa kompyuta, Simba-jike wa Kibodi, Mnywaji wa Chai Isiyo na Sukari, akaapa kuijenga upya maktaba ile ndani ya kompyuta mpakato yake, maana kikompyuta chenyewe hakikuwa na nguvu za kujijengea. Akashambulia mara ya kwanza, makosa mia mbili yakamrudisha nyuma. Akashambulia mara ya saba, yakawa mia tatu. Hapo shujaa akawaka, akamgeukia Wilson, fundi wa tangi, akamshutumu mbele ya kadamnasi kwamba alinunua kikompyuta kibovu. Wilson, mtu mpole, akatoka nje. Iliniuma, nasema kweli.

Saa tisa na nusu Elinipendo akairudisha orodha ya makosa hadi juu kabisa. Akalisoma kosa la kwanza kabisa, lile ambalo mashujaa wote hulidharau, akaona kwamba programu ya kujengea, badala ya kutumia mafaili ya kikompyuta, ilikuwa inachota ya mpakato. Nayo haikuwa na hatia. Ilitii mstari mmoja aliouandika yeye mwenyewe mwezi wa pili, kwa kazi nyingine, akausahau. Akaufuta. Maktaba ikajengeka yote, akaihamishia kwenye kikompyuta, tangi likaunguruma, na Mama Yuditha, wa kwanza kwenye foleni, akamimina lita zake sita bila kujua kwamba dunia ilikaribia kwisha.

Shujaa hakungoja vigelegele. Alikwenda mpakani mwa shamba, akachuma jani la sale, akalipiga fundo, akampelekea Wilson kwa mikono miwili. Kwetu, ukiletewa sale la kuombea radhi, hukatai kusamehe.

"Kaka Wilson," akanena, "mbele ya tangi hili na mbele ya akina mama hawa nakiri: kikompyuta chako ni kizima. Ubovu ulikuwa wangu."

Wilson akalipokea, akamuuliza kama amekula.

Nami nikaandika katika daftari la chama, kwa herufi kubwa, wajukuu wapate kusoma: leo maziwa hayakuchacha, na mtaalamu wa kompyuta ameomba radhi.