Kibodi ya Kartoni ya Sabuni

Jumatatu, 3 Juni 1985

Habari kubwa! Mzungu wa kompyuta anarudi kwao Desemba. Mkubwa wa ofisi ametukusanya stoo, katikati ya magunia ya mahindi ya msaada, akatangaza kwamba mmoja wetu atapelekwa Nairobi miezi sita akasomee ile mashine, kisha arudi Isiolo kuiendesha. Mweusi wa kwanza! Miezi saba imekaa hapa na hakuna mwenyeji aliyeruhusiwa kuigusa. Isipokuwa mimi. Naigusa kwa kitambaa cha vumbi, kila Ijumaa, viatu nje.

Mtihani ni tarehe 28. Kuandika barua ya ukurasa mmoja, vibonye vimefunikwa ili mtu asichungulie.

Nafasi ni yangu. Mimi ni karani wa mafaili mwaka wa kumi na moja. Ila kuna Batula, mpiga chapa wetu, ambaye anaandika barua huku akikusimulia harusi ya jana. Na kuna Ekeno wa stoo, rafiki yangu, ambaye akianza kitu haachi. Lazima nifikirie.

Jumamosi, 8 Juni

Tumeanzisha Chama cha Wataalamu Weusi wa Kompyuta, Isiolo. Wanachama watatu. Hakuna aliyewahi kubonyeza kompyuta, lakini hilo halimo kwenye katiba. Mwenyekiti ni mimi, kwa kura mbili, yangu na ya Ekeno.

Ekeno alisimama akasema wazungu wana klabu zao, wanashikana mikono huko, sisi tunashikana miguu. Akasema atakayechaguliwa aape kurudi kuwafundisha wenzake, na nafasi nyingine ikipatikana awaite. Tukaapa wote. Mimi kwa Wallahi, yeye kwa Biblia ya mfukoni. Nilikaribia kulia.

Ikaamuliwa kwamba, kwa kuwa ufunguo wa chumba ninao mimi, nichore vibonye kwenye kartoni ili tufanyie mazoezi.

Jumanne, 11 Juni

Nimechora. Kartoni ya sabuni, mistari safi, wino mweusi. Kisha shetani akavuta kiti akaketi karibu nami. Nikachora kartoni ya pili, ya chama. Kwenye hiyo nikahamisha herufi sita. A nikaipeleka kwa L. Nyingine huku, nyingine kule. Ile ya kweli nimeiweka chini ya godoro.

Si uovu. Ni mkakati.

Jumamosi, 15 Juni

Batula aliitazama kartoni muda wa kupepesa macho. Akasema taipureta yake haina mpangilio huo. Nikamwambia taipureta ni mashine ya nyanya zetu, kompyuta ni mambo ya kisasa, mainjinia wamepanga upya. Akaniangalia. Akaniangalia tena. Akasema sawa, Bwana Mwenyekiti, akajitanda mtandio wake akaenda zake.

Ekeno alihuzunika. Mimi nikasema chama kimepungua kwa idadi lakini si kwa moyo. Nimetumia dakika kumi kueleza hilo. Kisha nikamfundisha Ekeno saa mbili nzima. Kila siku baada ya kazi tutakutana, ndiyo ombi lake. Nitakataaje? Mimi ndiye mwenyekiti.

Alhamisi, 20 Juni

Msiba! Nimerudi nyumbani Bulla Pesa nikainua godoro. Hakuna kitu. Asli, mke wangu, akasema ah, lile karatasi gumu? Amewashia moto wa kufukizia kibuyu cha maziwa. Limewaka vizuri sana, akasema, nimletee lingine.

Nichore upya? Mzungu ameninyang'anya ufunguo tangu jana. Ameona alama ya soksi yangu sakafuni, anataka chumba kifungwe hadi mtihani. Nikumbuke ni herufi gani nilihamisha? A na L, ndiyo. Nyingine nne? Ole wangu! Sikuandika popote.

Nikajipitisha kwa Batula nichungulie taipureta. Akaishushia kifuniko. Akauliza kwa upole kama nimekuja kuona mashine ya nyanya.

Jumapili, 23 Juni

Nilipita kwa Ekeno, mtaa wa Kiwanjani, baada ya wao kutoka kanisani. Mkewe, Nakal, anasema hata mezani anabonyeza. Anabonyeza sahani, anabonyeza mgongo wa mtoto akimlaza. Amewaambia watoto baba anaenda Nairobi kusoma, na atakaporudi hatabeba magunia tena. Mgongo wake umeanza kumuuma, mimi sikujua. Vidole vyake vinene vilipita juu ya kartoni yangu bila kukosea hata mara moja. Bila kukosea uongo wangu, yaani.

Nikapuliza chai yangu. Nilisema moyoni, Abduba, mwambie sasa. Nakal akaniongezea sukari. Nikasifu sukari.

Ijumaa, 28 Juni

Mtihani. Batula alimaliza ukurasa kabla mkubwa hajaketi vizuri.

Ekeno akafuata. Alivaa koti la harusi yake. Alikunja vidole, akaomba kidogo, akaanza, na vilikimbia, mwanaume yule aliandika kwa raha kabisa! Mashine ikatoa karatasi. Mkubwa akaisoma. Akaigeuza. Akauliza hii ni Kiturkana? Watu wakacheka. Ekeno alitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Mimi? Nimefundisha ile kartoni kila jioni kwa wiki mbili. Vidole vyangu havijui nyingine. Mkubwa aliuliza ni nani huyu anayeitwa Lbdubl.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Sawa. Lakini mimi nilimwingiza na Ekeno, na yeye hakuwa amechimba kitu. Alinifuata nje akaniomba MSAMAHA. Kwamba ameaibisha chama. Kwamba mwalimu alikuwa mzuri, kichwa yake ndiyo mbaya, na labda mashine hizi si za watu kama yeye. Nisife moyo, akasema. Nikamnyooshea kola ya koti. Akarudi stoo, akavua koti, akainua gunia.

Sijawahi kujichukia namna hii.

Jumamosi, 29 Juni

Batula alinikuta dukani. Alijua tangu siku ya kwanza. Alinyamaza akidhani nitaona aibu, nirekebishe mwenyewe, na hilo linamuuma sasa. Akaniambia Ekeno asikie kutoka kwangu, si kwa mtu mwingine, kwa sababu yule bwana anaamini ni mjinga. Nimeapa. Wallahi, Jumatatu namwambia.

Jumatatu, 1 Julai

Ekeno alikuwa na kazi nyingi.

Alhamisi, 1 Agosti

Barua kutoka Nairobi! Batula, aliyepewa ile nafasi, ametimiza kiapo cha chama. Huko chuoni kuna nafasi moja zaidi Septemba, na amewaomba waipe Isiolo. Mtihani ule ule, wiki tatu kuanzia leo, kwa mwanachama yeyote. Ndani ameweka ukurasa wa kibodi uliopigwa chapa, na ameandika juu yake: Ya Ekeno. Mwambie kichwa chake hakina kasoro.

Nililia. Machozi ya kweli, Asli ni shahidi. Wiki tano Ekeno ananisalimu akitazama chini, na mimi nageuka kama nina haraka. Basi! Leo nimejirekebisha. Kesho naenda Kiwanjani kumpelekea ndugu yangu nafasi yake. Mambo ya zamani nitamweleza pia, siku nyingine, akiwa ametulia.

Ila ukurasa wa Batula ni mdogo, na vidole vya Ekeno ni vikubwa. Nikaona nimchoree kwenye kartoni, kwa heshima. Nimechora jioni nzima, polepole, kwa upendo. Na mtihani uko wazi kwa mwanachama yeyote, mwenyekiti akiwemo. Kwa hiyo nimehamisha herufi mbili. Mbili tu! Mimi si yule mtu wa herufi sita.

Na safari hii sirudii kosa. Ukurasa wa Batula, wenye mpangilio wa kweli, nimempa Asli aniwekee.