Jinsi Aidarus Alivyovusha Majina Mia na Arubaini

Wekeni vikombe chini, enyi mliojaa kwenye baraza za Kibokoni, na mwenye kikohozi akakohoe mbali, kwani ninayoyaleta si habari za kila siku. Ni ushujaa wa Aidarus bin Ishaq, simba wa sebule, jabari wa kiti cha kuzunguka, aliyeyatoa majina mia na arubaini ndani ya simu yake akayavusha hadi kwenye kompyuta, mwendo wa shubiri mbili na nusu.

Harusi ya bintiye Nabiha ilikaribia, na kadi zilitakiwa zichapishwe kwa majina yaliyomo simuni. Iliyohofiwa kuliko zote ni kadi ya Bi Mwanakuu, shangazi wa shujaa wetu, aliyemlea Nabiha tangu mamake alipofariki. Bibi huyu akikosewa adabu haendi. Na asipokwenda yeye, Nabiha alikwisha apa kwamba hatatoka chumbani.

Nabiha mwenyewe angeimaliza kazi ile kabla chai haijapoa. Lakini shujaa alimzuia kwa mkono, akavaa miwani, akauchomeka waya kama achomaye mkuki, akanguruma:

"Wataka kunfunza mimi? Mimi n'metumia simu tangu zile za kuzungusha! Keti, mwanangu, utizame wanaume wafanyavyo!"

Kwa muda wa saa mbili vita vikarindima. Programu ikamdai nywila. Akaisahau, akaitukana, akaikumbuka. Waya ukachomoka mara tatu, na mara tatu akaulaumu upepo wa feni. Mwishowe programu ikauliza kwa upole: nambari moja ina majina mawili, je, yaunganishwe?

"Baba, soma kwanza ni majina gani," akasema Nabiha.

"Kuunga jamaa kuna thawabu," akajibu baba, na bila kusoma akabonyeza ndiyo.

Majina yakavuka. Kadi zikachapishwa kwa wino wa dhahabu, zikagawanywa kabla ya alasiri, naye akajinyoosha kitini akijipongeza, maana hakukuwa na mwingine wa kumpongeza. Ndipo simu ikalia, na juu yake pakasomeka jina lile lile lililokwisha fika nyumbani kwa shangazi, mtaa wa Kuze, ndani ya bahasha: Bi Mwanakuu Usipokee.

Kwani mpuuzi huyu aliiandika nambari ya shangazi mara mbili: kwanza kwa heshima, halafu kwa hasira, alipochoka kupigiwa wakati wa usingizi wa mchana; na programu ilipoyaunganisha ikalibakiza hilo la hasira. Miaka sita aliilaza simu kifudifudi mpaka inyamaze. Sasa Nabiha alimkodolea macho, machozi yakimlengalenga, na jabari akaipokea.

"Labeka, shangazi."

"Alaa! Kumbe wajua kupokea! Kadi yako n'meiona, Aidarus. Harusini n'takuja, kwa ajili ya mwanangu Nabiha. N'takuja nayo mkononi, na n'tawasomea wanawake wote kwa sauti."

Basi wino na uletwe, vigelegele vipigwe, na vizazi viambiwe: siku hiyo, baada ya miaka sita ya mapambano, Aidarus bin Ishaq alipokea simu.