Malalamiko Kuhusu Vikopo vya Peremende

Kwako Shemeji Mkubwa, dada wa mke wangu na chanzo cha haya yote,

Salamu kwanza, kesi baadaye. Huku sote wazima, isipokuwa mimi.

Mwezi uliopita ulikuja kwetu siku mbili, ukamfundisha mdogo wako kubandika karatasi za maua kwenye vikopo vya bati vya peremende za mnanaa, ili awape watu zawadi. Wewe ukarudi zako. Mimi nimebaki na matokeo, nayo ni haya, kwa heshima zote:

1. Ili kikopo kiwe kitupu, lazima mtu ale peremende. Mtu huyo ni mimi. Nakula vikopo viwili kwa siku, na sasa chai, maharage na dawa ya kikohozi vyote vina ladha moja. Nikipiga mwayo, jirani anafunga dirisha kwa baridi.

2. Mimi ni fundi saa, unajua. Nilikuwa na vikopo kumi na vinne vya namna hiyohiyo, kila kimoja na vipuri vya saa ya mteja wake. Mke wangu akavimimina vyote kwenye bakuli moja la supu, akaniambia kwa upole nisihofu, hakuna hata kimoja kilichopotea. Ni kweli, hakuna. Juzi nimemuunganishia mwalimu wa kwaya saa yake. Mazoezi ya Jumamosi alifika Jumapili.

3. Vikopo vya siku vikiisha, gundi haikomi. Redio imevikwa maua. Chupa ya chai imevikwa maua. Siku hizi mimi mwenyewe sikai kitini zaidi ya nusu saa. Mwenye macho haambiwi tazama.

4. Sasa zawadi zenyewe. Amempa msoma mita, amempa mshona viatu, amempa daktari wa meno, amempa yule mama wa jirani tuliyenuniana naye mwaka mzima. Kampa hata bwana mmoja aliyekosea mlango. Aliyekosea mlango, Shemeji! Huyo kaondoka na chenye ndege wa kijani, tena na utepe juu. Mimi, mumewe kwa miaka kumi na tisa, sijapewa hata kifuniko. Sisemi kwa wivu, naweka kumbukumbu tu. Lakini iliniuma.

5. Namwita mara tatu ndipo anaitika, na akiitika ni kuniomba nishike pembe ya karatasi. Naishika. Nifanyeje?

Kwa hiyo naomba, wewe uliyewasha moto, uje na maji. Mwandikie amri kali: gundi ikabidhiwe kwako, mkasi upewe likizo, na mtu yeyote asitoke nyumbani kwangu na kikopo bila kibali changu cha maandishi.

Nisalimie mumeo, watoto wote na yule bibi wa ghorofa ya chini anayeniita kijana.

Wako katika mateso yenye harufu nzuri,
Fundi Saa, mume wa mdogo wako

Tanbihi: Hiyo amri isubiri kwanza. Nimemchungulia sasa hivi, vimebaki vikopo viwili mezani. Mwandikie salamu tu, halafu katikati ya salamu, kama wazo lako mwenyewe, muulize cha mumewe amekivika karatasi gani. Mimi napenda ile ya buluu yenye samaki. Ila jina langu usilitaje, tafadhali.