Paleti Moja tu Nijeria Nzima

Laja alipoingia kwa fundi Wasiu kuchukua suruali yake, aliwakuta wanawake watatu wa maana wa Surulere, Lagos, wamesimama mbele ya kioo kimoja, wamevaa kitambaa cha aina moja, na wote watatu wamenuna. Mtu wa kawaida angechukua suruali yake akaenda zake. Laja akavuta kiti.

Jumamosi ile Alhaja Simbiat alikuwa anamwoza binti yake Sherifat, na marafiki zake wote alikuwa amewachagulia sare, lesi ya rangi ya shingo ya tausi na vilemba vya rangi ya machungwa. Ndivyo tunavyofanya huku. Sare ni upendo, wanasema. Mimi nasema ni adhabu. Mwanamke amezoea kuingia ukumbini watu wageuze shingo, leo unamvika nguo ile ile ya yule anayegombana naye kila Idi!

"Sasa mtu atanijuaje mimi?" alilalamika Madam Abosede.

"Kwa sauti yako, shoga," alijibu Madam Folasewa, akijitazama kiuno. "Haijawahi kujificha."

Madam Bolatito alikuwa anakaza tumbo, na hakuwa na pumzi ya kusemea.

Laja akatulia kabisa, mikono magotini, kama muumini aliyesikia sauti kutoka juu. Nguo moja. Kilemba kimoja. Kilichobaki cha kushindania ni uso. Na uso, ndugu zangu, ndio uliokuwa shamba la Laja.

Tumjue kidogo huyu bwana. Aliwahi kuuza vipodozi kwenye duka la vioo vitupu kule Ikeja, mpaka ilipogundulika kwamba mdomo wake unauza hata bidhaa ambazo duka halina. Siku aliyofukuzwa aliondoka na mfuko wa paleti za majaribio, zile wateja wanazochovya vidole bila kununua. Zilikuwa zimekombwa mpaka bati linaonekana, lakini makasha yenyewe, lahaula! Meusi, mazito, maandishi ya dhahabu, kioo ndani, na kifuniko kinachojifunga chenyewe, tak!

Kitu kingine alichokuwa nacho ni sanduku la brashi za marehemu shangazi yake, Ebun, aliyewapamba maharusi wa Mushin na Surulere mpaka macho yakamchoka. Brashi za manyoya ya mbuzi, laini, mipini imelika kwa vidole vya mwenyewe. "Poda utaipata popote," alimwambia akimkabidhi. "Brashi usizitoe hata kwa mfalme. Bila hizi wewe ni mdomo tu." Laja alidanganya watu wa kila dini na kila kabila, lakini brashi zile aliziosha kwa sabuni ya mtoto na kuzilaza chali zikauke, na kila mahali alipokwenda alikwenda nazo.

Basi, alitoka kwa fundi moja kwa moja hadi soko la Tejuosho, akanunua poda za rangi za bei ya karanga. Nyumbani akazikoroga na spiriti, akazijaza kwenye vile visahani vya paleti, akaweka karatasi laini juu, akagandamiza kwa sarafu mpaka zikashikamana. Sisi sarafu tumeshazisahau, maisha yetu ni noti. Aliyokuwa nayo ilimbakia kutoka safari ya Cotonou, ng'ambo ya mpaka kule Benin wanakosema Kifaransa, na Cotonou ndiyo mahali karibu zaidi na Ufaransa ambapo Laja aliwahi kufika.

Kesho yake alikuwa sebuleni kwa Madam Abosede, amevaa koti jeusi, anaongea puani kama Mfaransa.

"Madam, kabla sijafungua hiki kitu, naomba ufunge mlango."

Madam akafunga mlango. Akafunga na pazia.

"Pumzi ya Malkia," Laja akanong'ona. "Kampuni imeitoa kwa majaribio. Paris wanayo moja, Dubai moja, na Nijeria nzima, Madam, watu milioni mia mbili na ushee, paleti ni moja tu. Hii hapa." Tak! Kifuniko kikafunguka.

"Ewo!" Madam akashika kifua.

"Leta mkono."

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo tapeli na fundi wanapogawana mtu mmoja. Laja alimpaka mgongo wa kiganja mafuta kidogo ya kunata, akachukua brashi ya shangazi Ebun, akagonga mara moja, akapitisha. Poda ya Tejuosho ikawaka. Akampaka kopeni: kijani cha tausi pembeni, shaba katikati, chembe ya dhahabu kwenye kona ya ndani. Madam Abosede alijitazama kioo cha mkononi, kisha cha ukutani, kisha akaenda kujitazama hata kwenye mlango wa friji.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe, Madam, ila umeamka."

"Bei gani? Taja!"

Laja akajikunyata kama aliyetukanwa. "Naira hatugusi. Kampuni inataka uijaribu Jumamosi mbele ya watu, upigwe picha, picha iende Paris. Uso utakaowafurahisha, huo ndio watakaouweka kwenye matangazo. Ila lazima uweke amana, kitu chako cha dhahabu, Jumatatu unarudishiwa. Na siri! Ukimwambia mtu yeyote kabla ya Jumamosi, naichukua, nampa anayekufuata kwenye orodha."

"Nani amenifuata?"

"Madam, mimi si mtu wa kuchongea." Akakohoa. "Lakini sauti yake ni ndogo kuliko yako."

"Folasewa!" Madam Abosede aliingia chumbani, akarudi na bangili mbili nene, akamtia mkononi. Kwa haraka iliyopaswa kumshtua mtu mwenye akili timamu. Lakini dhahabu ina tabia ya kumziba mtu macho, hata anayefanya kazi ya macho.

Jioni ile ile paleti moja tu ya Nijeria nzima ilikabidhiwa Madam Folasewa, aliyetoa mkufu na hereni. Keshoye ilikabidhiwa Madam Bolatito, aliyevua pete kwa mafuta ya kupikia na kumwomba Mungu ailinde kampuni. Laja alipiga hesabu yake: Ijumaa mchana, wakati wanawake wako saluni, yeye atakuwa njia ya Cotonou, kwenda kuanza maisha mapya. Kachumba kadogo, kiti cha kuzunguka, kioo chenye taa, na jina lake mlangoni. Hilo tu ndilo alilotaka tangu shangazi alipomshikisha brashi ya kwanza. Angeweza kulitafuta kwa jasho, lakini jasho linaharibu poda.

Kisha Alhaja Simbiat mwenyewe akampigia simu. "Mwanangu, nasikia una kitu."

Laja akaibana simu sikioni. "Umesikia kwa nani, Alhaja?"

"Kwa hewa. Njoo."

Alhaja alikuwa ameketi katikati ya marobota ya lesi, maana biashara yake ni hiyo, anazileta kutoka Cotonou tangu Laja hajazaliwa. Akaichukua paleti, akaifungua, akaisogeza karibu na dirisha, akaitazama muda mrefu. Kona ya mdomo wake ikatikisika.

"Hii inatoka Paris?"

"Moja kwa moja, Alhaja."

"Haikupitia popote?"

"Iliruka tu juu ya bahari."

"Mashallah." Akaifunga, tak! Akafungua kabati, akatoa mkufu. Mkufu gani, jamani! Tabaka tatu, kidani kama kisosi cha chai, ulipolazwa mezani meza ikatoa sauti. "Amana yangu. Lakini Sherifat atapambwa na wewe Jumamosi asubuhi. Nitajuaje utarudi? Wewe unaondoka na changu, mimi nabaki na chako. Niachie hilo sanduku."

Laja akalikumbatia sanduku bila kujua. "Alhaja, brashi haziachwi."

"Kwa nini? Si kesho kutwa tu upo hapa? Au hupo?"

Akatazama mkufu. Akatazama sanduku. Wallahi aliumia, akamsikia shangazi Ebun kabisa. Lakini mkufu ule ulikuwa chumba, kiti na kioo kwa pamoja. Nitanunua brashi mpya, alijiambia, za Kifaransa. Akaliweka sanduku mezani, na mkono ukabaki juu yake kidogo kabla haujatii.

"Usizilaze na maji, Alhaja," alisema. Ndilo neno la kweli pekee alilosema wiki nzima.

Jumamosi Laja yuko Cotonou, ameketi mbele ya sonara mmoja mzee, Myoruba wa Porto-Novo, mwenye lenzi jichoni. Akamwaga mali yake yote mezani. Sonara akasugua bangili kwenye jiwe. Akasugua hereni. Akasugua pete, mkufu mdogo, kisha ule mkubwa, akauinua, akaunusa.

"Mwanangu, hivi umevipata lini?"

"Wiki hii."

"Wapi?"

"Lagos. Kwa wanawake wenye heshima zao."

"Kulikuwa na sherehe huko?"

"Harusi. Ni leo."

Sonara akacheka mpaka lenzi ikamdondoka. "Na wewe ni mtu wa Lagos kweli? Mwanamke wa Lagos akupe dhahabu yake ya kweli wiki ya harusi? Jumamosi angevaa nini shingoni, dua? Hii ni shaba. Na huu mkubwa," akaupima kwa kidole, "huu ni wa kuvalisha sanamu dukani."

Laja akachukua simu iliyokuwa inalia. Ilikuwa picha kutoka kwa Alhaja: wanawake watatu wa lesi ya tausi, kope tatu za tausi, chembe ya dhahabu kila kona, na shingoni dhahabu ambayo hata kwenye simu ilijulikana ni ya kweli. Wamekumbatiana wanacheka, maana kila mmoja aliamini wenzake wamemwiga. Katikati yao Sherifat, bi harusi, amepambwa akapambika, na mkononi, Mungu wangu, brashi ya shangazi Ebun. Kisha Alhaja akapiga. Nyuma yake ngoma zilikuwa zinalia na watu wanagombea wali wa jollof.

"Mosyee Laja! Paris mvua inanyesha?"

"Alhaja... ulijua."

"Mwanangu, kwenye ile rangi ya kijani umegonga sarafu ya Cotonou mpaka tarakimu zinasomeka. Sarafu zile nazitumia miaka thelathini." Akacheka kwa raha zake. "Lakini umegonga vizuri! Ukumbi mzima wanaiulizia. Jumatatu Sherifat anafungua duka, poda ipo Tejuosho, brashi tunazo."

"Alhaja, nakuomba. Chukua vyote. Zile brashi ni za shangazi yangu." Na sauti haikutoka puani tena.

Alhaja akasogea mbali na ngoma. "Ebun alinipamba mimi siku yangu," Alhaja akasema. "Unadhani sikulijua sanduku? Njoo. Kiti kipo, kioo kipo. Utapaka, Sherifat atauza, na sanduku jioni nalifungia mimi. Amana. Na mkufu wangu uje nao, sanamu liko shingo wazi."

Basi Laja akarudi siku ile ile, mkufu ukining'inia kifuani, maana mfukoni haukuingia. Katikati ya vurugu za mpakani kijana mmoja akampita kwa kasi, pwa! Mkufu ukakatika na kijana akatokomea. Laja hakupiga hata kelele. Alikuwa bado anatafuta bodaboda ya kumfikisha Surulere, kijana yule akarudi anahema, akamshika mkono, akauweka mkufu kiganjani na noti moja juu yake, akamfunga vidole.

"Pole, kaka," alisema. "Chukua na hii, ule hata mkate."